Shajara ya Mradi: Klebsiella za Mombasa na Chanjo ya Mama Mjamzito

Jumatatu, 10 Februari 2025

Kibali cha kamati ya maadili kimetoka, na cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, nacho kiko mkononi. Sasa tunaruhusiwa kufungua friza.

Kwa anayejiunga nasi leo: ndani ya friza hiyo, katika nyuzi 80 chini ya sifuri, wamehifadhiwa bakteria wa Klebsiella pneumoniae waliopatikana kwenye damu ya watoto wachanga waliolazwa hapa Mombasa. Kila kichupa ni mtoto mmoja aliyeacha kunyonya, akalegea, akatafutwa mshipa wa kutolewa damu. Kuna waliorudi nyumbani na mama zao, na kuna ambao hawakurudi.

Chanjo ya kumkinga mtoto kupitia kwa mama mjamzito hatutengenezi sisi. Sisi tuko kwenye kazi inayoitangulia. Klebsiella hujifunika koti la sukari liitwalo kapsuli. Koti hilo humsaidia kuponyoka chembe nyeupe za damu, na ndilo hilo hilo ambalo kingamwili zikishalitambua, bakteria amekwisha. Shida ni wingi wa makoti. Enzi za kupima kwa seramu zilitambuliwa aina 77. Tangu watu waanze kusoma jenomu, yaani jeni zote za bakteria, zimevuka 130. Hakuna chanjo itakayozibeba zote. Miaka ya 1980 ilijaribiwa chanjo ya Klebsiella yenye makoti 24, na haikuwahi kufika sokoni. Kwa hiyo atakayetengeneza atachagua, na atachagua kutoka kwenye orodha iliyo mezani kwake. Mombasa ikikosekana humo, itatujia chanjo ya bakteria wa kwingine.

Dawa zimetufikisha tunapojua. Mtoto mchanga anayeshukiwa kuwa na maambukizi ya damu huanzishiwa penisilini au ampisilini pamoja na gentamaisini. Klebsiella ana usugu wa kuzaliwa nao dhidi ya ampisilini, umo kwenye kromosomu yake, kwa hiyo tangu sindano ya kwanza mzigo wote unaiangukia gentamaisini. Ikishindwa hiyo, watu hukimbilia seftriaksoni, na hapo wanakutana na vimeng'enya vya ESBL vinavyoivunja. Inabaki meropenemu, ambayo ni ghali na haipatikani kila siku. Nayo imeshapata mbabe wake: kimeng'enya cha NDM-1, kilichoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2009 kutoka kwa mgonjwa aliyetibiwa Sweden baada ya kulazwa India. Kufikia 2011 kilikuwa kimeripotiwa kwenye Klebsiella za Nairobi.

Jumatano, 5 Machi

Ramadhani imeingia, tumebadilisha saa. Tunaanza mapema asubuhi na kufunga kazi adhuhuri. Wenzetu wasiofunga wamechukua zamu ya jioni ya kuangalia inkubeta, na hatukuwaomba.

Tumeanza kuwafufua bakteria wa friza. Kitanzi kinakwangua juu ya barafu ya kichupa, haraka, kichupa kirudi kabla hakijayeyuka. Kisha tunachora kwenye agari ya MacConkey, chakula cha kuoteshea bakteria, na kuacha katika nyuzi 37 usiku kucha. Asubuhi Klebsiella hana haja ya kutambulishwa. Koloni zimenona, zina rangi ya waridi, zinang'aa, nyingine zimemwagikiana. Ukigusa moja kwa kitanzi ukainua taratibu, uzi unavutika kama mlenda wa bamia. Ukipita milimita 5 tunaandika chanya. Wanafunzi wa mazoezi wanakipenda kipimo hiki, hakina gharama na kina mchezo ndani yake, ila kisiwadanganye: uzi mrefu hauonyeshi aina ya koti, na wengi wa bakteria sugu wanaotusumbua wodini hawavuti uzi wowote.

Vichupa kadhaa vimekataa kuota. Tumeviandika "havikuota", na tarehe, maana mwakani lazima mtu atauliza vilienda wapi.

Jumatano, 19 Machi

Vitendanishi, yaani kemikali za vipimo, vimekwama. Si bandarini, kwa wale wanaodhani kila kitu cha Mombasa hukwama bandarini. Vilikuja kwa ndege na vimelala Nairobi vikisubiri karatasi. Bei tuliyopewa na msambazaji mwaka jana si ya leo. Wiki hii tunapima dawa kwa vidonge vya karatasi vyenye antibayotiki juu ya agari ya Mueller-Hinton, tunapima kwa rula vipenyo vya duara ambamo bakteria hawakuota, na tunasubiri.

Jumanne, 8 Aprili

Leo tumebishana mpaka chai ikapoa, na nadhani huu ndio mjadala mkubwa zaidi tutakaokuwa nao mradi mzima, kwa hiyo nauandika kwa kirefu.

Matokeo ya jeni ya wzi yamerudi. Ni kipande kifupi cha jeni kinachosaidia kukisia aina ya koti bila kusoma jenomu nzima. Njia hii ilichapishwa mwaka 2013 na kwa maabara ya kiasi chetu ni mkombozi. Koti moja limeongoza kwa mbali. Tulianza kufurahi, maana orodha yenye kinara ni rahisi kuiandikia ripoti.

Anayeshika data akatuzima. Alikuwa amepanga vichupa kwa tarehe na kwa wodi. Wingi wa koti hilo linaloongoza ulitoka kwenye chumba kimoja cha watoto wachanga, katika majuma yanayofuatana, na vipenyo vyote vya dawa vilikuwa vinalingana. Tukasoma jenomu za wachache wao. Walikuwa ndugu wa tumbo moja, tofauti zao za kuhesabika. Yaani ulikuwa mlipuko. Bakteria mmoja aliingia chumba kile, akapita kwenye mikono, au sinki, au chupa ya dripu iliyotumika zaidi ya mtoto mmoja, akawafikia wengi.

Sasa swali: huyo tumhesabu mara ngapi?

"Mara moja," akasema wa data. "Aliyeingia chumba kile angeweza kuwa amevaa koti lolote. Mlipuko unatuambia habari za chumba, hautuambii habari za Mombasa."

Daktari wa watoto, ambaye huja vikaoni akitoka zamu na mara nyingi hasemi neno, akaweka kikombe chini. "Dadangu, kila mmoja wao nilimshika. Mkiwahesabu wote kama mmoja, wengine mmewafuta."

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu. Wote wawili wana haki, na ndiyo maana jambo lenyewe ni gumu. Chanjo huchukua miaka mingi kutengenezwa. Ukiijenga juu ya mlipuko mmoja, itakapofika mlipuko huo utakuwa umesahaulika na koti lake huenda halipo tena. Tena Klebsiella huazimana jeni za koti: ukoo mmoja unaweza kuonekana leo na koti hili na kesho na lile. Lakini upande wa pili, mtoto hafi kwa takwimu zilizosawazishwa. Anakufa kwa bakteria aliyepo chumbani. Na koo zenye tabia ya kusambaa wodini zina tabia hiyo kila mahali zinapokwenda, kwa hiyo kuipuuza milipuko nako ni upofu.

Msimamo wangu, ambao sijaushinda kwa kura bado: orodha ya kupanga chanjo ihesabu kila mlipuko mara moja, na pembeni yake iwepo safu ya pili inayohesabu kila mtoto. Anayesoma aone zote mbili. Na mlipuko wenyewe upelekwe kwa wahusika wa kudhibiti maambukizi, kwa sababu sinki haihitaji kusubiri chanjo. Hilo la sinki angalau tumekubaliana wote, barua imeondoka leo leo.

Jumanne, 29 Aprili

Masika. Stima ilikatika usiku, jenereta ikawaka, kisha ikazima. Mlinzi alisikia kengele ya friza akatupigia simu. Tulipofika kipimo kilikuwa nyuzi 52 chini ya sifuri na kinapanda. Barafu kavu ilipatikana kwa watu wa samaki, kwa bei ya usiku. Hakuna kilichopotea.

Nakala ya pili ya kila kichupa sasa inahamia jengo jingine. Mlinzi hayumo kwenye bajeti yetu yoyote, atakuwamo.

Jumatano, 14 Mei

Kikao na akina mama wa kliniki, Kisauni. Mkunga ndiye aliyetuongoza, sisi tulikaa kwenye benchi la pembeni.

Alieleza vizuri kuliko ambavyo mimi ningeeleza. Maambukizi haya humpata mtoto siku za mwanzo kabisa, mapema mno kumchanja yeye mwenyewe akapata kinga kwa wakati. Kwa hiyo anachanjwa mama, mwili wa mama unatengeneza kingamwili, na zinavuka kondo la nyuma kumfikia mtoto tumboni. Ndivyo ile sindano ya pepopunda inavyofanya kazi. Zinazovuka ni za aina ya IgG peke yake, na nyingi huvuka miezi mitatu ya mwisho. Hapo ndipo pana mtego: mtoto anayezaliwa kabla ya wakati huondoka na kidogo, na ndiye anayelazwa kwenye chumba kile, na mirija, na Klebsiella. Itabidi chanjo kama hii itolewe mapema zaidi kwenye ujauzito. Mapema kiasi gani, ni moja ya maswali tunayotaka damu ya kitovu ijibu.

Bibi mmoja aliyemsindikiza mkaza mwanawe alinyoosha mkono. "Mwanangu, hii si ile tuliyoambiwa inafunga kizazi?"

Alikuwa anakumbuka 2014, pale maaskofu wa Kikatoliki wa Kenya walipoitilia shaka hadharani sindano ya pepopunda na serikali ikakanusha. Miaka zaidi ya kumi imepita na swali bado liko hai huku Kisauni, kwa watu ambao wala si Wakatoliki. Mkunga hakumkemea. Alimwambia, "Shikamoo bibi, hapa leo hakuna sindano ya kumdunga mtu," kisha akamwonyesha fomu, akamsomea mstari kwa mstari.

Swali lililotuweka sawa lakini lilitoka kwa msichana aliyekaa nyuma, mimba ya kwanza. "Kama chanjo yenyewe haijakuwepo, damu ya kitovu mnaitakia nini?" Jibu ni kwamba tunataka kujua kama akina mama wa hapa tayari wana kingamwili za makoti haya kwa kuishi tu, na kama zinawafikia watoto. Bila hilo hatutajua chanjo imeongeza nini. Alifikiri, akauliza kama mtoto ataumia. Haumii, damu inatolewa kwenye kondo na kitovu baada ya kukatwa. Akatia sahihi. Bibi naye akamwambia mkaza mwanawe aende kwanza akamuulize mumewe, na hiyo ni haki yake.

Jumatano, 11 Juni

K au O. Kila mradi wa Klebsiella hufika njia panda hii na sisi tumefika.

K ni koti la nje. O ni sukari iliyo chini yake, sehemu ya sumu iliyopandikizwa kwenye utando wa bakteria. Makoti ya K ni zaidi ya mia. Aina za O ni chache, na nne tano tu zinabeba sehemu kubwa ya Klebsiella wa duniani. Mwenye kiwanda anapiga hesabu mara moja: chanjo ya O ina vipande vichache, ni rahisi kutengeneza, na hesabu zetu zote za mwezi Aprili zingekuwa hazina maana kubwa.

Ila O amejificha chini ya K. Kingamwili inayomtafuta O lazima ipenye koti, na koti likiwa nene huenda isifike. Mimi niko upande wa K. Ushahidi ninaoushika ni wa jamaa yake, E. coli: chanjo ya ExPEC9V iliyolenga aina tisa za O ilifika hatua ya mwisho ya majaribio kwa watu wa miaka 60 na zaidi, na Februari 2024 jaribio likasimamishwa kwa kuwa haikukinga vya kutosha. Mkuu wetu wa maabara hakukubali. "E. coli wa mzee si Klebsiella wa mchanga, bwana. Usichukue msiba wa jirani ukaulia kwako." Hoja yake ina uzito, nakubali, ila sijahama.

Wakati tunabishana, kazi ya mikono inatukumbusha kwamba hivyo viwili havitengani kirahisi. Tunasafisha sukari ya koti linaloongoza ili tuitumie kupimia damu. Bakteria wanaoteshwa kwenye chupa kubwa, koti linavuliwa kwa kemikali ya jamii ya sabuni, tunamwaga alkoholi baridi, na hapo sukari inajitokeza: nyuzi nyeupe zinazoelea, zinajikunja polepole, zinashuka chini. Ukizikusanya unaona kama umemaliza. Hujamaliza. DNA imo, protini imo, na O imo, imeng'ang'ania. DNA na protini zina vimeng'enya vyake vya kuziondoa. O ndiye msumbufu, na akibaki hata kidogo, kipimo cha K kitakuwa kinasoma kingamwili za O na sisi tutatangaza habari za uongo kwa nia njema. Tumesafisha, tukapima, tukarudi kusafisha. Kiasi cha asidi ya uroni, sehemu ya sukari ya koti, kinatuambia koti bado lipo la kutosha. Tunaendelea.

Ijumaa, 27 Juni

ELISA, kipimo cha kingamwili kwenye damu, ya kwanza ya jozi za mama na mtoto imesomeka. Karibu akina mama wote wana kiasi fulani cha kingamwili za koti, na watoto waliotimiza miezi wanafanana na mama zao au wanawazidi kidogo. Waliozaliwa mapema wako chini, kama tulivyoogopa. Kabla ya kushangilia chochote tunarudia tukiwa tumeondoa kwanza kingamwili za sukari zinazofanana, maana tumbo la binadamu limejaa bakteria wenye sukari za kila namna na mwili hauna mwalimu wa kuutenganishia.

Jumanne, 8 Julai

Maabara iko nusu tupu. Wenzetu wawili wameazimwa kwenye kampeni ya kitaifa ya chanjo ya surua-rubela na homa ya matumbo. Nilipita kituo kimoja Majengo mchana: watoto wamepangwa chini ya mwarobaini, ustadhi wa madrasa anawaita kwa majina, kila aliyedungwa anapakwa wino kidoleni na kuuonyesha kwa wenzake kwa fahari.

Nimeikalia kitako kampeni hii kwa sababu chanjo ya homa ya matumbo ni jamaa wa karibu wa tunayoitafuta. Salmonella wa homa ya matumbo naye anavaa koti, linaitwa Vi, na chanjo imetengenezwa kwa sukari ya koti hilo ikiwa imefungwa kwenye protini. Kufungwa huko ndiko siri. Sukari peke yake mwili wa mtoto mdogo hauishughulikii; chanjo ya zamani ya Vi isiyo na protini haikufaa kwa walio chini ya miaka 2. Ikifungwa kwenye protini, kama ya pepopunda, mwili unaamka, unatengeneza IgG na unakumbuka. Avery na Goebel walionyesha jambo hilo tangu 1929. Dozi moja kule Malawi ilikinga watoto kwa asilimia 78 kwa zaidi ya miaka minne. Pakistan, ambako tangu 2016 ulizuka ugonjwa usiosikia karibu dawa zote za kawaida, ndiyo nchi ya kwanza kuiingiza kwenye ratiba ya taifa, mwaka 2019.

Na hapo Kilifi, mwendo mfupi wa matatu, wenzetu wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, walifuatilia chanjo ya nimonia ya PCV10 iliyoanza Kenya 2011: maradhi makali ya aina zilizomo kwenye chanjo yalishuka kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka 5. Afrika Kusini, chanjo ya namna hiyo ilipunguza kwa asilimia 67 yale yaliyosababishwa na bakteria wasiosikia penisilini. Kingamwili haimwangalii bakteria kwa jicho la usugu. Sugu na asiye sugu wanakamatwa sawa, mradi koti ni lile. Na ambaye hakuugua hakunywa dawa. WHO ilikadiria Oktoba 2024 kwamba chanjo, zilizopo na zinazotarajiwa, zingeweza kupunguza matumizi ya antibayotiki duniani kwa asilimia 22.

Lakini tusijipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Homa ya matumbo ina koti moja. Nimonia ilihitaji kumi, na Marekani walipoanza kuchanja mwaka 2000 kwa chanjo ya makoti saba, koti la 19A ambalo halikuwemo lilijaza nafasi, tena likiwa sugu. Sisi tuna zaidi ya mia ya kuchagua. Nimemwambia mkuu wa maabara kwamba 19A ni hoja yake ya kumtetea O, maana aina za O ni chache na zikizibwa zote hakuna wa kujaza nafasi. Alicheka akasema alikuwa anaitunza kwa kikao kijacho.

Ijumaa, 18 Julai

Orodha ya kwanza imetumwa kwa washirika. Safu mbili, kama nilivyopendekeza Aprili: ya kushoto mlipuko mmoja ni mmoja, ya kulia mtoto mmoja ni mmoja. Makoti matatu ya juu ni yale yale katika safu zote mbili, yamebadilishana nafasi tu. La nne si sawa, na tayari nimeletewa barua pepe inayouliza ni lipi tunalolitetea. Aina ya O ya kila bakteria imeandikwa pia, kwa ajili ya mkuu wa maabara na wafuasi wake.

Daktari wa watoto alisoma rasimu yote akiwa zamu, akairudisha na alama moja ya kalamu: idadi ya watoto iwe ukurasa wa kwanza, isiwe kwenye kiambatisho. Imehamishwa.

Jumatatu tunaanza vichupa vya hospitali ya pili, ambako hakujawahi kuripotiwa mlipuko. Kabla ya hapo fundi anakuja kuangalia jenereta.